Mwenye Mnazi na Mwenye Ardhi: Mila za Vijiji vya Wakulima Bara ya Mombasa

Katika vijiji vya wakulima vilivyosalia bara ya Mombasa, kuanzia Mtongwe na Shika Adabu upande wa Likoni, kupita viungani mwa Changamwe na Jomvu kuelekea Rabai, hadi Mwakirunge upande wa Kisauni, kumiliki ardhi na kumiliki mti ni haki mbili mbalimbali, na asiyelijua hilo hawezi kuelewa jinsi watu wa huko wanavyooana, wanavyorithiana, wanavyogombana wala wanavyofukuzwa. Wengi wa wakulima hao ni Mijikenda, jina linalojumuisha makabila tisa ya pwani ya Kenya, ambao kwa mapokeo yao walitoka Singwaya, kaskazini, wakajenga kaya, yaani miji yenye ngome iliyofichwa ndani ya misitu. Wadigo wako zaidi upande wa kusini, Wagiriama na jamaa zao upande wa kaskazini, na Warabai na Waduruma upande wa magharibi. Misitu kadhaa ya kaya hizo iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2008, ingawa watu walikwisha kuhama zamani na kuishi kwa kutawanyika mashambani.

Kitovu cha maisha ya shambani ni mudzi, yaani boma la mzee mmoja, wake zake, wanawe wa kiume na wake wa wanawe, lenye nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, uwanda unaofagiliwa kila asubuhi, na miembe ambayo kivuli chake ndicho baraza la wazee. Mvua za mwaka zinaponyesha, kwa kawaida kuanzia mwezi wa Machi au Aprili, hupandwa mahindi, kunde na muhogo, na kazi nyingi ya jembe humwangukia mwanamke, ambaye pia huchota maji, huokota kuni na kusonga sima jioni. Mzigo huo haujagawanywa kwa haki, na sifa zinazotolewa kwa mila hazipaswi kuuficha. Palipo na shamba kubwa huitishwa mweria, ambao ni ushirika wa majirani wanaolima kwa zamu shamba la kila mmoja wao, na mwenye shamba huwalisha. Juma la kale la Mijikenda lina siku nne, na moja kati ya hizo, Jumwa, ni siku ya mapumziko ambayo jembe haliguswi. Mavuno ya mahindi huhifadhiwa katika uchaga, yaani dari ya fito iliyo juu ya meko, ili moshi uyalinde na wadudu.

Lakini mahindi ni chakula cha msimu mmoja, ilhali mnazi ni mali ya vizazi. Mnazi mrefu wa kienyeji huanza kuzaa baada ya miaka sita hivi au zaidi, kisha huendelea kuzaa kwa miongo mingi, kwa hiyo anayeupanda anajua kwamba wajukuu zake watakula jasho lake. Ndiyo maana mila ilimpa mpandaji haki juu ya mti hata pale ambapo ardhi si yake, naye aliweza kuuuza, kuuweka rehani au kuurithisha bila kuigusa ardhi yenyewe. Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyewachunguza Wagiriama wa Kaloleni, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1972 kwamba biashara hiyo ya minazi na mashamba ilisimama juu ya ushahidi wa wazee. Hapakuwa na hati, bali palikuwa na wazee walioyashuhudia mapatano, wakanywa tembo (pombe ya mnazi) la mapatano hayo, na baadaye wakaitwa kueleza ni nani aliyempa nani nini.

Tembo hilo hutokana na kazi ya mgema, fundi anayekwea mnazi asubuhi na jioni akiwa na kibuyu na kotama, kisu kikali cha kulikata karara ili utomvu udondoke, na ambaye mara nyingi si mwenye mti bali hugawana mapato na mwenyewe. Kwa Wagiriama tembo si kinywaji tu. Kadzama, kibuyu cha tembo, hupelekwa kwa wazazi wa binti anayeposwa na kwa wazee wanaoamua kesi, na tembo hutiririshwa chini ya koma, yaani vigingi vinavyowawakilisha wahenga. Wahenga waliokuwa wanachama wa chama cha heshima cha Gohu huchongewa vigango, nguzo ndefu za mbao zilizonakshiwa. Nyingi kati ya nguzo hizo zimeibwa na kuuzwa ng'ambo, hasa Marekani, na ingawa chache zimerudishwa, wizi huo ni jeraha kwa familia ambazo huamini kwamba kumng'oa mhenga mahali pake ni kumwaga balaa juu ya walio hai.

Kwa Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu na kwao mnazi ni nazi, mafuta na makuti zaidi kuliko tembo, suala la mti liliingia ndani kabisa ya nyumba. Zamani urithi wao ulipitia upande wa mama, yaani mali ya mtu iliwaendea watoto wa dada yake, na mjomba alikuwa na sauti kubwa kuliko baba. Uislamu ulipoenea, sheria ya mirathi ikawapa watoto mafungu katika mali ya baba yao, na mizozo ikazuka baina ya watoto wa marehemu na wapwa zake. Minazi aliyoipanda mtu kwa mikono yake iliweza kudaiwa na wanawe kuwa ni jasho la baba, huku ardhi iliyo chini yake ikidaiwa na ukoo wa mama kuwa ni mali ya wote. Wazee, kadhi na mahakama za serikali wangeweza kuitazama kesi hiyo moja kwa macho matatu tofauti.

Pigo kubwa zaidi lilitoka nje ya ukoo. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyotungwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya ukanda wa pwani wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ilimtaka kila mwenye madai ajitokeze aandikishe. Walionufaika walikuwa hasa wale walioijua njia ya ofisini, ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali, na wakulima wengi wa Mijikenda, ambao ushahidi wao ulikuwa minazi yao, makaburi yao na vinywa vya wazee wao, wakageuka kuwa maskwota mahali walipozaliwa. Huo ulikuwa udhalimu uliovaa nguo za sheria, na haukukoma bendera ilipobadilishwa mwaka 1963. Kutokana na hali hiyo, katika mitaa mingi ya Likoni, Kisauni na Changamwe mtu humiliki nyumba isiyo na ardhi, akimlipa mwenye kiwanja kodi ya mahali iliposimama, na uhusiano huo unafanana sana na ule wa mwenye mnazi na mwenye shamba.

Mila ya namna hii haiko pwani ya Afrika Mashariki peke yake. Nchini Indonesia, katika visiwa vilivyo ndani ya eneo la asili la mnazi wenyewe, sheria ya kimila iitwayo adat nayo hutenganisha ardhi na vilivyo juu yake, iwe ni nyumba au miti, na Sheria ya Ardhi ya nchi hiyo ya mwaka 1960 ilitangazwa kuwa imejengwa juu ya adat. Mkulima wa huko pia amepata dhiki zake mbele ya mashamba makubwa ya kampuni, lakini angalau kanuni ya babu zake iliandikwa katika sheria ya taifa. Kenya ilirithi kutoka Uingereza kanuni iliyo kinyume chake, kwamba kilichoshikamana na ardhi kwa kawaida huifuata ardhi.

Leo jiji linavisogelea vijiji hivi kutoka kila upande. Mwakirunge, ambako bado kuna wanaolima, ndiko pia taka za kaunti zinakomwagwa. Barabara ya Dongo Kundu imeunganisha Miritini na upande wa kusini bila kupitia kivuko cha Likoni, na ardhi iliyokuwa ya muhogo na minazi imetengwa kwa eneo maalumu la kiuchumi. Shamba la Waitiki huko Likoni, lenye ekari zaidi ya 900, lilinunuliwa na serikali baada ya miaka mingi ya mvutano, na hati zikaanza kutolewa kwa wakazi mwaka 2016, jambo lililowapa maelfu ya watu usalama ambao wazazi wao hawakuupata. Hata hivyo hati hutaja kipande cha ardhi na jina la mwenyewe tu. Haielezi kwamba minazi saba ya mpakani ni ya mtoto wa dada, wala kwamba mwembe wa uwandani uliwekwa rehani na haujakombolewa. Habari hizo wanazo wazee, na kila anapozikwa mmoja wao mapatano kadhaa hubaki bila shahidi, kwa hiyo ingefaa maafisa wa ardhi wanapokwenda kupima mashamba wakae kwanza na wazee hao chini ya miembe yao, waandike mti kwa mti, kabla ya kuchomeka vigingi vya mipaka.