Baiskeli ya kwanza ya mbio: Kipimo kwanza, sifa ya jina baadaye

MASHINDANO ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipoandaliwa jijini Kigali, Rwanda, mnamo Septemba 2025, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kinyang'anyiro hicho kufanyika barani Afrika. Matukio kama hayo huwatia vijana wengi ari ya kununua baiskeli ya mbio na kujiunga na wale wanaoonekana wakikata upepo barabarani asubuhi za Jumapili.

Kwa Wakenya, ari hiyo ina mizizi. Chris Froome, aliyetwaa Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alizaliwa Nairobi na kupata mafunzo yake ya awali kutoka kwa David Kinjah, mwendeshaji baiskeli mashuhuri wa Kikuyu, Kaunti ya Kiambu.

Hata hivyo, wengi hukwama kabla ya kufika barabarani. Huvutiwa na rangi, wepesi au jina la kampuni, wakalipa pesa nyingi, kisha wakagundua baada ya wiki chache kwamba mgongo unauma na mikono inakufa ganzi. Baiskeli huishia kuning'inizwa ukutani. Wahenga waliamba kuwa rahisi ni ghali, lakini kwa baiskeli ya kwanza, ghali nayo huweza kuwa hasara.

Si Black Mamba

Aliyejifunzia kwenye Black Mamba atatambua tofauti papo hapo. Baiskeli ya mbio ina usukani uliopinda kuelekea chini, fremu nyepesi na tairi nyembamba. Haina keria, na haikuundwa kubeba gunia wala abiria.

Vipuri navyo vinatofautiana. Baiskeli nyingi za Black Mamba hutumia rimu ya kipenyo cha milimita 635, ilhali ya mbio huwa na milimita 622, ambayo wauzaji huiita 700c. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini tairi ya moja haikai kwenye nyingine. Kwa hivyo, kabla ya kununua, ni busara kuhakikisha kwamba tairi na tyubu zinazohitajika zinapatikana mjini anakoishi mnunuzi.

Mwili ndio kipimo

Jambo la kwanza ni ukubwa wa fremu. Mnunuzi husimama wima bila viatu, mgongo ukigusa ukuta, na kubana kitabu katikati ya miguu hadi kifike juu kabisa. Kisha mtu mwingine hupima urefu kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Urefu huo ukizidishwa kwa 0.65, hupatikana makadirio ya fremu inayofaa. Mathalani, mwenye sentimita 82 ataanza kwa kujaribu fremu ya sentimita 53.

Hayo ni makadirio tu, kwani kila mtengenezaji ana vipimo vyake. Lazima mnunuzi apande baiskeli na kuiendesha kabla ya kutoa pesa. Mikono ikinyooka kabisa na shingo kukazana ili kuufikia usukani, fremu ni ndefu mno. Kiti huweza kupandishwa au kushushwa, lakini fremu isiyomfaa mtu haina dawa.

Urefu wa kiti hupimwa kwa kisigino. Pedali ikiwa chini kabisa na kisigino kikiwa juu yake, mguu unafaa kunyooka. Nyayo ikirudishwa mahali pake, goti litapinda kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Fremu na uzani

Fremu nyingi huundwa kwa chuma, alumini au kaboni. Chuma ni kizito kiasi, lakini huvumilia na fundi stadi anaweza kukichomelea. Alumini ni nyepesi na haishiki kutu kama chuma. Kaboni ndiyo nyepesi zaidi, ila ikigongwa huweza kupasuka ndani bila kuonyesha jeraha kubwa nje. Anayeanza na ambaye hajui historia ya baiskeli ya mtumba ni heri aepuke kaboni.

Kuhusu uzani, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, haliruhusu baiskeli ya mashindano ya barabarani iliyo chini ya kilo 6.8. Lakini mtu wa kilo 75 anayeendesha baiskeli ya kilo 10 husukuma kilo 85 mlimani. Akilipa maelfu ya shilingi ili kupunguza kilo moja, atakuwa amepunguza takriban asilimia moja tu ya mzigo. Pesa hizo zina kazi bora zaidi.

Gia za kupanda mlima

Mojawapo ya kazi hizo ni gia. Baiskeli nyingi za zamani za mashindano zina meno 53 na 39 mbele, na meno yasiyozidi 25 nyuma. Gia hizo zilikusudiwa miguu iliyokomaa. Anayeanza akizipeleka kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, kutoka Mai Mahiu kupanda, atashuka na kusukuma kwa mkono.

Afadhali atafute baiskeli yenye meno 50 na 34 mbele, na 32 au zaidi nyuma. Kwa meno 34 mbele na 32 nyuma, pedali ikizunguka mara moja, gurudumu nalo huzunguka mara moja na kidogo, na mlima huwa wa kustahimilika.

Aidha, achunguze nafasi ya tairi. Fremu za zamani huingia tairi za milimita 23 au 25 pekee. Zinazokubali milimita 28 au zaidi hufaa barabara zenye mashimo na kokoto.

Kukagua mtumba

Kwa baiskeli iliyotumika, rula hufichua mengi. Katika mnyororo mpya, kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 ni inchi 12 kamili. Umbali huo ukizidi kwa takriban milimita moja na nusu, mnyororo umechakaa. Ukizidi kwa milimita tatu, huenda meno ya gia pia yamelika, na gharama itapanda.

Magurudumu yazungushwe kuona kama yanayumba, breki zikazwe, na maungio ya fremu yakaguliwe kwa nyufa. Vilevile, nambari ya usajili wa kiwandani, ambayo aghalabu huwa chini ya fremu kwenye pedali, iandikwe kwenye risiti. Baiskeli isiyo na risiti yaweza kuwa ya wizi.

Vifaa visivyosubiri

Ni vyema kutenga takriban robo ya bajeti kwa vifaa. Cha kwanza ni helmeti inayokaa sawa kichwani, na ambayo hubadilishwa ikishapata kishindo cha ajali hata kama haionyeshi ufa. Kwa sababu hiyo, helmeti ya mtumba haifai.

Cha pili ni taa, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Jijini Nairobi jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Dereva wa matatu hawezi kumkwepa asiyemwona.

Kisha kuna tyubu ya akiba, viraka, vijiti vya kutolea tairi, spana ndogo na pampu. Baiskeli nyingi za mbio zina vali nyembamba ambayo haiingiliani na pampu za magari kwenye vituo vya petroli. Asiye na pampu yake, au kiunganishi cha vali hiyo, atarudi nyumbani kwa miguu.

Viatu maalumu vinavyojifunga kwenye pedali vinaweza kusubiri. Pedali za kawaida zinatosha kwa miezi ya kwanza, hasa mtu anapojifunza kusimama ghafla katikati ya magari, bodaboda na wapita njia ambao hata kwenye vijia vya baiskeli vya Barabara ya Thika hawakosekani.