Cheri za nchi zenye joto: Bei nzuri ipo, ila shina halinunui baridi

Na Mwandishi Wetu

CHERI inayoingia sokoni mapema ndiyo inayopata bei. Nchini Marekani, wakulima wa bonde la San Joaquin, California, huanza kuchuma kati ya mwisho wa Aprili na Mei. Wenzao wa jimbo la Washington, wenye mavuno makubwa zaidi, husubiri hadi Juni. Wiki hizo chache ndizo biashara yenyewe.

Tatizo ni kwamba joto linalowahisha tunda laweza pia kulinyima. Mti wa cheri hulala majira ya baridi, na hauamki sawasawa mpaka upate saa za kutosha chini ya nyuzijoto 7 hivi. Bing, aina maarufu iliyoanzia Oregon mwaka 1875, huhitaji saa zipatazo 700 au zaidi. Zikipungua, maua hufunguka kwa mafungu, na matunda huwa haba. Baada ya baridi hafifu ya 2013/14, mavuno ya California ya mwaka 2014 hayakufika nusu ya yale ya 2013.

Ndiyo maana mwekezaji aanze na aina, si shina. Minnie Royal na Royal Lee, zilizotoka kwa wazalishaji wa mbegu wa Modesto, California, hutosheka na saa 200 hadi 300.

Shina ni ule mche wa chini unaobebeshwa aina ya biashara, kama machungwa yanavyobebeshwa juu ya mlimau. Wauza miche husifu mashina kana kwamba yanatibu kila kitu. Hakuna shina litakaloifanya Bing itosheke na saa 300. Shina linakununulia mambo mawili: muda na usalama wa udongo.

Mazzard hutoa mti mkubwa, lakini mtaji hulala miaka mitano au zaidi kabla ya mavuno ya maana. Mahaleb huvumilia ukame na udongo wa chokaa; ukiupanda kwenye mfinyanzi unaotuama maji, mizizi huoza. Colt, shina la Uingereza, huhimili uozo huo vizuri zaidi, ila hutaka maji ya uhakika. Gisela 5 ya Ujerumani huzaa mapema, pengine mwaka wa tatu, na mvuto wake kwa mwenye mkopo unaeleweka. Lakini mti wake ni mfupi. Kwenye joto kali na udongo hafifu hubeba matunda mengi madogo, na soko la cheri hulipa kwa ukubwa. Kwa maoni yetu, Gisela 6 yenye nguvu zaidi ni dau la busara kuliko ndugu yake huyo.

Kiangazi nacho kina gharama yake. Joto likizidi nyuzi 30 wakati vichipukizi vya mwaka ujao vinajiunda, matunda mengi hutoka pacha, nayo hutupwa wakati wa kuchambua.

Kwa msomaji wa Lushoto au Njombe anayepiga hesabu: ubaridi wa asubuhi si kipimo. Omba rekodi za joto za saa kwa saa, za miaka kadhaa, kabla ya kulipia miche. Na ukiagiza Minnie Royal, agiza na Royal Lee, kwani hutegemeana katika uchavushaji. Aina moja peke yake itakupa maua tu.