Je, Wajua? Vumbi la Asbesto Halina Haraka

Je, wajua kwamba ugonjwa wa asbesto huweza kukaa kimya miaka 20, 30, hata 40 tangu mtu avute vumbi lake? Mwaka 1960, Dkt. J. C. Wagner na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wa mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, huko Afrika Kusini. Baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi kwenye migodi ya asbesto. Waliishi jirani tu.

Huku Mbingu, Tanzania, kwenye reli ya TAZARA kati ya Ifakara na Mlimba, cha kukagua si mgodi bali majengo ya zamani. Tafuta paa la asbesto: la kijivu, lenye mawimbi kama bati, ila nene, zito na lisiloshika kutu. Likiwa zima, hatari yake ni ndogo. Balaa huanza likikatwa kwa msumeno, likitobolewa, au tawi la mwembe likiliangukia na vipande vikafagiliwa vikavu.

Macho hayatoshi kuthibitisha. Kipande hupimwa maabarani. Hewa nayo huvutwa kwa pampu kupitia kichujio, kisha nyuzi za asbesto huhesabiwa kwa hadubini. Na maji ya mvua yatokayo paani? Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha asbesto katika maji ya kunywa. Adui mkubwa ni vumbi livutwalo puani.

Paa limevunjika? Usifagie. Lowanisha vipande, waondoe watoto, kisha mwite afisa afya wa kata.