Omba Nyaraka Kabla ya Kufungua Kesi

Mgonjwa ametoka hospitalini hali yake ikiwa mbaya kuliko alivyoingia, na faili la matibabu limebaki huko huko. Mfanyakazi amefutwa kazi, na kumbukumbu za kikao cha nidhamu zimefungiwa ofisini kwa mwajiri. Kila mmoja akimwendea wakili ataulizwa ana ushahidi gani. Ushahidi anao yule yule wanayetaka kumshtaki.

Wengi hukata tamaa hapo. Wengine hufungua kesi kwa kubahatisha, wakitumaini nyaraka zitajitokeza mbele ya safari, kisha wanajikuta wakilipa gharama za upande wa pili. Sheria ya Kenya inatoa njia bora kuliko hizo, na inaniuma kuona jinsi inavyotumiwa na wachache.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, wala halazimiki kueleza anazitakia nini. Zikiwa kwa kampuni au mtu binafsi, lazima aonyeshe kwamba anazihitaji ili kutumia au kulinda haki yake. Sharti hili ndilo linaloangusha maombi mengi. Barua inayosema “nipeni kila kitu” ni rahisi kukataliwa. Taja hati yenyewe, tarehe yake, haki unayoilinda, na namna hati hiyo itakavyokusaidia kuamua kama una kesi au huna.

Utaratibu uko katika Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika ana haki ya kuandikiwa na afisa husika. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu umo hatarini. Wakinyamaza, sheria inahesabu kwamba wamekataa. Hapo una siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi tunaiita Ombudsman. Usiiruke Tume ukaenda moja kwa moja Mahakama Kuu, maana majaji wamewahi kuwarudisha walioruka.

Mfano mkubwa ulitoka Mombasa. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliomba mikataba ya reli ya SGR wakanyimwa, serikali ikishikilia kwamba ni siri. Mei 2022 Jaji John Mativo aliamua kwamba kuwanyima kulivunja Kifungu cha 35, akaamuru mikataba itolewe. Novemba mwaka huo waziri wa uchukuzi alitoa hadharani sehemu ya nyaraka hizo.

Uingereza wamepita njia tofauti. Kampuni ya Norwich Pharmacal ilijua kwamba dawa yenye hataza yake inaingizwa nchini kinyume cha sheria, ila haikujua na nani. Idara ya forodha ilikuwa na majina, ikakataa kuyatoa. Mwaka 1973 mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, House of Lords, iliamuru yatolewe, ingawa idara yenyewe haikuwa na kosa. Leo mahakama za huko pia huweza kumwamuru mdaiwa mtarajiwa aonyeshe hati kabla ya kesi, na kwa kawaida gharama za ombi hubebwa na mwombaji. Nadhani hilo la gharama ni haki, kwani linazuia watu kuvua samaki katika mafaili ya wenzao.

Muda ndio hatari kubwa. Kuomba nyaraka hakusimamishi saa ya ukomo wa kesi. Madai ya madhara, kama uzembe wa daktari, kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3. Dhidi ya serikali ni miezi 12 tu. Ukijumlisha siku 21 za jibu, siku 30 za kwenda kwa Tume na miezi ya kusubiri uamuzi wake, mwaka huo unaweza kwisha. Kwa hiyo andika barua yako ya kwanza wiki hii, utunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na mwulize wakili siku ya mwisho ya kufungua kesi yako ni ipi.