Je, Wajua? Kumbikumbi na Ngoma ya Darasa la Awali

Katika ngoma za jadi za Rwanda na Burundi, wachezaji huinua mikono kuiga pembe ndefu za ng'ombe, na uigaji huo waweza pia kumfundisha mtoto mzunguko wa maisha, yaani hatua anazopitia kiumbe tangu yai hadi kuzaa. Kipepeo, anayependwa mno vitabuni, ni mgumu kuchezwa, maana kati ya kiwavi na kipepeo ipo pupa, hatua ya kutulia ndani ya ganda, na mtoto wa miaka 5 hatulii ngoma ikilia. Kwa watoto wa Mtabila, wilayani Kasulu, palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi 2012, kumbikumbi, yaani mchwa wenye mbawa warukao baada ya mvua, wanafaa zaidi: wakishatua hudondosha mbawa, kisha jike hutangulia na dume humfuata unyounyo wakitafuta pa kuchimba, ili wawe malkia na mfalme wa kichuguu kipya. Khanga mbili za kudondoshwa mabegani kama mbawa zatosha, na pupa haihitajiki, kwa kuwa mchwa hana hatua hiyo.