Mwalimu Aijue Kaunti Kabla ya Kuifundisha

Mwanafunzi wa Gredi ya 4 husoma kuhusu kaunti yake katika Masomo ya Jamii. Lakini mwalimu aliyehamishiwa Kilifi kutoka mbali ataifundishaje kaunti asiyoijua, ilhali kitabu alicho nacho kimeandikiwa nchi nzima?

Mafunzo ya walimu kuhusu historia na jiografia ya kaunti hulenga kuziba pengo hilo, na hufaa zaidi yanapofanyika nje ya darasa. Kule Gede, mwalimu huona misikiti, makaburi na visima vya mji wa kale wa Waswahili, akaeleza jinsi maji yanavyoamua watu waishi wapi. Akifika Sabaki wakati wa mvua, huelewa kwa nini bahari ya Malindi hugeuka nyekundu: ni udongo uliosombwa na mto kutoka bara. Habari za Mekatilili wa Menza humwonyesha kwa nini Wagiriama waliwapinga Waingereza mwaka 1913.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kaunti husimamia elimu ya chekechea. Walimu wa shule za msingi za umma huajiriwa na TSC. Kwa hivyo mafunzo haya yanahitaji ushirikiano wa pande zote mbili.

Wazazi pia wana nafasi. Mzee anayejua asili ya jina la kijiji chake ana somo lisilopatikana kitabuni. Asipoulizwa leo, atazikwa nalo.