Shimo Lililo Nyuma ya Maktaba

Tangu muhula wa pili uanze nimesikia swali moja likiulizwa kutoka gwarideni mpaka kwenye foleni ya githeri, na hata wazazi waliliuliza siku ya mkutano: mbona pesa za maabara zinaishia shimoni? Kweli, ukipita nyuma ya maktaba huoni ukuta hata mmoja. Unaona shimo, malori na malundo ya udongo. Nami kwa kuwa nimesimama pale karibu kila jioni nikiwauliza watu wa mjengo maswali mpaka wakanizoea, nimeonelea niwaeleze kinachoendelea.

Kwanza tuujue udongo wetu. Ni ule mweusi uitwao udongo wa pamba, kwa sababu kule India pamba hulimwa katika udongo kama huu. Upande huu wa Athi River, Syokimau, Embakasi na Kitengela umejaa tele, ilhali wenzetu wa Kikuyu na Limuru wana udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri. Udongo mweusi ni mfinyanzi wa chembechembe ndogo mno, zilizopangana kama kurasa za kitabu. Mvua ikinyesha, maji hujipenyeza kati ya kurasa hizo na kitabu kikafura. Jua likiwaka, kinanywea. Mwezi wa pili si mnaona nyufa za uwanjani zinazoweza kumeza mkono? Sasa fikiria nyumba iliyowekwa juu ya kitu kinachopanda na kushuka hivyo kila mwaka, tena si kwa usawa, maana udongo wa kando hulowa upesi na ule wa katikati ya nyumba hubaki mkavu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini nadhani wahenga hao hawakujenga kwetu. Hapa ufa unauziba leo na masika ikija unafunguka palepale, kwa sababu ugonjwa hauko ukutani.

Basi dawa ni kuutoa. Katapila lilianza kwa kuparura udongo wa juu, kama sentimita 15, wenye nyasi na mizizi. Huo hauachwi chini ya jengo kwa sababu mizizi huoza na kuacha mianya. (Umewekwa kando ya shamba la Kilimo, na tayari kuna watu wanaupanga kwa sukuma wiki.) Kisha likachimba mpaka likafika kwenye tabaka gumu, mita 1.2 kwenda chini. Kuna mahali pengine huwa ni mita 2 au zaidi.

Hesabu yake ndiyo iliyowashtua wazazi. Shimo lina urefu wa mita 22 na upana wa mita 10, kwa hivyo ni mita za ujazo 264. Lakini udongo ukichimbuliwa hulegea na kuongezeka, takriban robo yake, na sasa ni mita 330. Lori linabeba mita 10. Hizo ni safari 33 za kuondoa tu, kabla ya kuleta maramu ya kujazia.

Na kujazia kwenyewe si kumwaga. Mtasikia watu wakisema, "Si mwage yote mara moja tuanze mjengo!" Maramu humwagwa tabaka moja moja, sentimita 15 hivi, ikanyunyiziwa maji, ikashindiliwa kwa rola, ndipo tabaka jingine lije. Ukimwaga nusu mita kwa pamoja, rola itakaza juu tu na chini kubaki kwepesi kama unga. Maji nayo yana kipimo. Yakiwa machache chembe hazishikani, yakizidi unapata tope. Mwaka wa 1933 mhandisi wa Marekani, Ralph Proctor, aliyefanya kazi ya mabwawa huko California, alichapisha njia ya kutafuta kiasi kinachofaa, na mpaka leo jaribio hilo huitwa kwa jina lake. Fundi wetu yeye hufinya maramu mkononi. Ikishikana bila kuchuruzika maji, anasema hakuna maneno.

Sasa nije kwenye jambo linaloniwasha zaidi. Wengi wetu tunadhani kusawazisha kiwanja ni kukifanya kiwe bapa kama meza. Kumbe sivyo! Sakafu ndiyo huwa bapa, nayo hupimwa kwa pimamaji. Nje ya nyumba ardhi lazima iinamie mbali na ukuta, na kipimo kinachotumiwa sana ni kushuka sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. La sivyo, maji yatasimama penye msingi na kazi yote ya shimo itakuwa bure.

Lakini yakitoka kwetu yanakwenda wapi? Paa la maabara litakuwa mita 20 kwa 8. Mvua ya milimita 50 ikinyesha, paa hilo peke yake litamwaga lita 8,000, yaani mitungi 400 ya lita 20. Hapo awali majani na nyufa zilikunywa sehemu ya maji hayo. Bati halinywi kitu.

Mwaka wa 2024, kati ya Machi na Mei, mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na Mto Athi ulifurika. Siwezi kudai kwamba yaliletwa na viwanja vilivyojazwa udongo, kwani mvua yenyewe ilipita kiasi. Lakini huko kwetu, chini ya ua wa shule, kuna mtu aliyeinua kiwanja chake karibu mita moja bila mtaro. Nyumba yake ni kavu kabisa. Majirani zake ndio hulaza watoto juu ya meza, na choo cha shimo cha ploti ya pili kilifurika mpaka njiani.

Vigingi vya mtaro wa maabara vinaishia uani. Nimevifuata mwenyewe. Kutoka pale mpaka kwenye kalvati la barabarani ni mita 60 hivi, na fundi anasema kuufikisha mtaro huko kutaongeza gharama. Sisi ni shule ya kutwa, na wanaolala chini ya ua ule ni wanafunzi wa shule hii hii. Jambo hili litaamuliwa katika mkutano wa wazazi wa muhula wa tatu, kabla ya mvua ya vuli. Mwenye mzazi na amwambie afike mapema, kwani suala la mtaro ndilo la kwanza.